Nilivyofinya miguu ya mama mkwe kwa amri ya simu (kisa cha Kampala)

Wakuu, salaam kwenu huko mliko.

Hiki ni kisa changu mwenyewe, si cha rafiki wa rafiki. Nilikuwepo, jasho lilinitoka, na mashahidi wawili bado wananicheka hadi leo.

Sitaongeza chumvi. Mkifika katikati mtaelewa kwa nini hilo neno siku hizi nalitamka kwa adabu.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mkenya, Mbukusu wa Bungoma, niko Kampala mwaka wa tisa. Ni fundi wa friji, kibanda changu kiko karibu na soko la Nakasero, wateja wangu wengi ni wauza nyama na maziwa.

Mke wangu anaitwa Aber. Ni Muacholi, askari wa trafiki. Tunaishi Mbuya, nyumba ya vyumba viwili na sebule.

Sasa kwa wale wasiojua mila zetu: kwetu mama mkwe haguswi. Humpi mkono, huketi naye chumba kimoja, mkikutana njiani mmoja anatafuta pa kupitia. Kwa Waacholi nako heshima ya mkwe si mchezo.

Kwa hiyo miaka yote hiyo, mimi na mama mkwe tulisalimiana kama watu waliosimama ng'ambo mbili za mto. Na wote wawili tuliridhika kabisa. Msiniulize siri ya ndoa yangu, ndiyo hiyo.

Halafu moyo wake ukachoka.

Mama alikuwa kwake kijijini, upande wa Gulu. Alianza kuhema akitembea hatua kumi, kisha akawa anahema akiwa amekaa. Usiku analalia mito mitatu, akilala chali anahisi anazama. Miguu ikavimba mpaka viatu vikamkataa.

Aber akamleta Kampala, akalazwa. Madaktari wakasema moyo hausukumi damu sawasawa, maji yanabaki mwilini na yamepanda hadi kwenye mapafu. Mimi nilielewa haraka, maana friji ikichoka kompresa huwa naona mambo yanayofanana.

Akatibiwa, maji yakatoka, akapata nafuu.

Siku ya kumruhusu wakatuambia atafuatiliwa akiwa nyumbani. Tukapewa mizani inayoongea na simu, mashine ya presha, na kile kibanio cha kidole kinachopima oksijeni. Kila asubuhi saa moja anapima, namba zinaruka zenyewe kwenda kwa nesi, nesi anazisoma akiwa hospitali. Kukiwa na shida anapiga video call.

Masharti yalikuwa machache. Chumvi kidogo sana. Vidonge kwa wakati. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo si mafuta, ni maji, toa taarifa mara moja.

Na jambo la mwisho: asikae peke yake. Akae Mbuya, kwetu.

Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu.

Aber anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu foleni za Kampala hazijiongozi. Mimi kibanda nafungua saa tatu. Saa moja asubuhi, wakuu, nani yuko nyumbani na mgonjwa?

Mimi na mama mkwe.

Nikamwambia Aber haiwezekani. Akaniuliza kama ningependa yeye aache kazi au mama arudi kijijini akafe kwa heshima. Swali kama hilo la askari wa trafiki halina njia ya kugeuzia gari.

Tukapata ufumbuzi. Pazia.

Tulilitundika kwenye mlango wa chumba chake, zito, rangi ya maruni. Mizani upande wake, simu upande wangu. Yeye anapanda, bluetooth inapita katikati haijui mila ya mtu, mimi nasoma namba kwa sauti, tumemaliza. Presha na kidole anajifunga mwenyewe.

Lugha yetu ni Kiswahili. Chake ni cha kambini, maana mumewe alikuwa sajenti na ameishi kambi za jeshi karibu maisha yake yote ya ndoa. Kila sentensi inatoka kama amri.

"Mukwe! Iko tayari?"

"Iko tayari, mama."

"Napanda!"

"Sabini na moja, mama."

"Nashuka!"

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa wiki tatu, na yalinitosha.

Nesi wetu anaitwa Sista Prossy. Ni Muganda, mpole, sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, ila ana macho ya tai kwenye zile namba. Kwake l na r ni mapacha, anawachanganya. "Mama ameramka aje? Amerara na mito mingapi?" Mama alimpenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu Sista alikuwa anaitikia "ndiyo, mama" kabla amri haijaisha.

Wiki tatu namba zilitulia. Sabini na moja, sabini nukta nane, sabini na moja nukta moja. Mama akaanza kutembea mpaka getini. Akapata na rafiki, Mama Zubeda, jirani yetu wa mlango wa tatu, Mnubi, naye mjane wa mwanajeshi. Wakawa wanakaa barazani wanawasengenya makamanda waliostaafu zamani.

Ningeacha mambo hapo tungekuwa salama.

Lakini mimi ni mkwe, na mkwe lazima aonekane. Ijumaa moja nikaenda Ggaba, kando ya ziwa, kumtengenezea mteja friji ya samaki. Nikirudi nikaona samaki wakavu wa chumvi, wamepangwa vizuri, wananukia. Nikakumbuka mama aliwahi kumwambia Aber kwamba chakula cha mjini hakina ladha. Nikabeba fungu zima.

Mtaniuliza: wewe uliambiwa chumvi kidogo, akili ilikuwa wapi?

Wakuu, naapa, kichwani mwangu chumvi ilikuwa ile ya kwenye kikopo. Hii nyingine niliona ni mali ya samaki, sisi haituhusu.

Aber wikendi hiyo alikuwa kazini siku zote mbili, kulikuwa na msafara wa wageni mjini. Mama akampika yule samaki kwa siagi ya karanga. Akala Jumamosi. Akala Jumapili. Sahani ilirudi inang'aa na salamu kutoka nyuma ya pazia: "Mukwe, leo umekuwa mtu."

Nilitembea kifua mbele siku nzima.

Jumatatu asubuhi namba ikasoma sabini na mbili na nusu. Sista akatuma ujumbe: apime tena kesho, ikizidi kupanda aje hospitali. Nikausoma kwa sauti. Nilidhani amesikia tu na amekubali.

Jumanne saa moja, kama kawaida.

"Mukwe! Iko tayari?"

"Iko tayari, mama."

Safari hii hakusema "napanda." Mizani ikalia tu. Nikatazama simu.

Hamsini na nane.

Nikaisoma mara mbili. Nikaipangusa simu kwa shati, kana kwamba ni uchafu. Hamsini na nane. Namba ikaruka kwenda hospitali kabla sijaamua la kufanya, na haikupita dakika tano Sista akapiga.

"Baba, samahani kuuriza. Mama ameacha wapi kiro kumi na nne na nusu?"

Nikasema labda mizani imeharibika. Mimi fundi, nilitaka hata kuifungua. Sista akaniuliza kama nina uhakika ni mama aliyepanda.

Sasa mila zetu zinasema mbele ya mama mkwe unatazama chini. Mimi nilikuwa natazama chini kweli kweli. Na chini, kati ya pazia na sakafu, kuna nafasi ya kama shibiri moja, na katika hiyo nafasi niliona miguu miwili myembamba iliyopakwa hina mpaka kwenye visigino.

Mama mkwe wangu hajawahi kupaka hina maisha yake yote.

"Mama Zubeda," nikasema taratibu, "shuka kwenye mizani."

Pazia likatikisika. Mama Zubeda, kumbe aliingia nikiwa bafuni, akatoka akitazama ukuta, akasema yeye aliambiwa asimame tu, hakuambiwa ni ya nini, na kwamba ameacha chungu motoni. Akaondoka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea.

Sista bado yuko hewani, amesikia yote. Akasema, kwa upole ule ule, mama mwenyewe apande.

Mama akapanda. Sabini na nne nukta moja.

Kilo tatu tangu wikendi, wakuu. Na sasa nilipotega sikio nilisikia kile ambacho "napanda" na "nashuka" zilikuwa zinakificha: pumzi fupi fupi, kama mtu aliyepanda kilima chote cha Mbuya mbio. Akakiri usiku hakulala, alikaa kwenye kiti.

Kibanio cha kidole kikasoma tisini na mbili. Siku zote kilikuwa kinasoma tisini na saba.

Mzaha wote ukanitoka mwilini.

Sista akataka kuona miguu. Nikaingiza mkono mmoja ndani ya pazia na simu, uso nimegeuzia jikoni, kama mpiga picha aliyefungwa macho. Akaona imevimba. Lakini akasema kamera haina kidole. Lazima mtu afinye pale juu ya kifundo, ahesabu shimo linakaa kwa muda gani, apande na mfupa wa muundi aseme linaishia wapi. Daktari hawezi kubadilisha dawa bila hiyo taarifa.

Nikamwambia ngoja nitafute mwanamke. Nikampigia Aber, simu inaita tu, yuko barabarani. Nikakimbia kwa Mama Zubeda nikagonga. Alikuwa amejifungia ndani kama aliyeiba kuku, ananijibu kwamba hayupo.

Nikarudi. Nikasimama mbele ya pazia. Sista anasubiri kwenye simu. Mama anahema.

Nikamwambia mama ukweli, kwamba twende hospitali tu, huko kuna manesi.

Mama akasema, "Mimi hapana enda."

Nikadhani ni ukaidi. Nikaanza kumsihi. Akanikatiza, na safari hii haikutoka kama amri.

"Bwana yangu aliingia hospitali na miguu yake. Amevaa kofia. Amepiga saluti kwa askari ya getini. Siku ya tatu mimi narudi nyumbani na viatu yake kwa mfuko." Akavuta pumzi. "Mimi hapana enda kulala huko tena. Ndiyo sababu nilileta Zubeda."

Nikaacha kumsihi.

Kisha Sista akafanya jambo ambalo sitalisahau. Hakumgombeza. Akamwambia: mama, sitakudanganya, kama pumzi itazidi kubana au namba ya kidole ikishuka tena, utakuja na hakuna mjadala. Lakini kama nikipata taarifa ya miguu, naweza kuongea na daktari sasa hivi, tujaribu kuyatoa maji ukiwa hapo nyumbani. Nakupa mpaka saa kumi jioni. Ila nahitaji kidore.

Kiti cha mama kikalia.

Halafu nyuma ya pazia: "Mukwe."

"Ndiyo, mama."

"Sasa wewe si mukwe. Wewe ni daktari. Ingia, fanya kazi. Ukimaliza toka nje, rudi kuwa mukwe."

Nikaingia.

Nilipiga magoti, macho kwenye vidole vyake vya miguu. Nikafinya. Ngozi ilikuwa baridi, imevutika kama ngozi ya ngoma. Kidole kikazama, nilipokitoa shimo likabaki pale pale linanitazama. Nikahesabu kwa sauti, nikafika kumi na tano bado halijafunga. Nikapanda juu kidogo, shimo. Juu tena, shimo. Lilikoma chini kidogo ya goti.

Nilikuwa nafinya kwa ncha ya kidole tu, kama nagusa jiko la moto. Mama akaona.

"Daktari," akasema, "mimi siumi."

Sista akarudi baada ya muda mfupi na maagizo ya daktari: kidonge cha kutoa maji kiongezwe, anywe sasa na mchana tena, nipime kidole kila saa, uzito saa kumi. Kisha akauliza mama alikula nini tangu Ijumaa.

Hapo nilitamani pazia linimeze.

Nikamwambia kuhusu samaki. Nikamwambia na ile nadharia yangu ya chumvi ya samaki. Sista akakohoa kwa muda mrefu, na mimi najua kicheko kilichovaa kikohozi. Kisha akaniambia mabaki yote yatoke nyumbani. Nikamgawia mbwa wa jirani, ambaye mpaka leo ananipenda bila kipimo.

Siku hiyo sikufungua kibanda.

Sasa wale mnaojua vidonge vya maji mnajua kinachofuata. Kila baada ya dakika ishirini mama anahitaji choo. Na choo chetu njia yake inapita sebuleni, na sebuleni nimekaa mimi ambaye nimesharudi kuwa mkwe.

Safari ya kwanza tulikutana uso kwa uso, wote tukageuka, nikajigonga kwenye kabati. Safari ya pili akatafuta dawa yake mwenyewe. Alichukua filimbi ya akiba ya Aber ya trafiki. Akitaka kupita, anapuliza. Mimi naruka nje hadi nyuma ya tangi la maji, nasubiri, anapuliza mara mbili, njia imefunguliwa.

Alipuliza mara kumi na mbili kabla ya saa saba. Majirani walianza kutoka kuangalia ni ajali gani.

Lakini katikati ya vichekesho hivyo, kila saa nilirudi kuwa daktari, nikaingia na kile kibanio. Tisini na mbili. Tisini na mbili tena. Saa sita tisini na tatu. Saa nane tisini na nne. Kila namba ikiruka kwake, Sista anajibu neno moja, "Sawa," na mimi naishi kwa hiyo sawa saa nzima.

Aber akafika saa kumi kasorobo, na sare yake, jasho limemtoka, ameona simu zangu zote kwa pamoja. Akanikuta nyuma ya tangi nimechuchumaa. Akaniuliza mama yuko wapi na mimi najificha nini. Kabla sijajibu, filimbi ikalia mara mbili ndani ya nyumba. Nikamwambia, "Njia imefunguliwa, twende."

Nadhani pale aliogopa kwamba wagonjwa ni wawili.

Saa kumi kamili Aber alitaka kumpima mama mwenyewe. Mama akakataa. "Daktari wa asubuhi amalize kazi yake."

Akapanda. Nilisoma namba kimoyomoyo kwanza.

Sabini na mbili nukta sita.

Kilo moja na nusu ya maji imetoka, oksijeni tisini na tano. Nikampigia Sista. Akaangalia, akamwambia mama aseme sentensi ndefu bila kupumzika. Mama akatoa sentensi ndefu, ilikuwa ya kumsema Mama Zubeda, na ilifika mwisho bila kukatika.

"Basi, mama," Sista akasema, "reo unarara kwako."

Mama alivuta shuka akajifunika miguu, kisha akafunika na uso. Aber akanisukuma nje, kwa heshima.

Mpaka Jumapili uzito ulirudi sabini na moja. Siku ya kliniki alienda mwenyewe, kwa hiari, tena akachagua kitenge kipya. Daktari akarekebisha vidonge, wakamkutanisha na Sista Prossy uso kwa uso, na kabla ya chakula cha mchana mama alikuwa amerudi barazani anapatanishwa na Mama Zubeda.

Sheria mpya ya nyumbani kwetu, iliyotungwa na mama mwenyewe: kuanzia saa moja mpaka saa moja na nusu asubuhi, mimi ni daktari. Naingia, nafinya, napima, tunaongea hata. Amenisimulia mambo ya kambini ambayo Aber hayajui. Ikifika saa moja na nusu anasema "kazi imekwisha," pazia linashuka, na nikikutana naye saa mbili getini tunatafuta pa kupitia kama zamani.

Nilichojifunza? Mashine inaona uzito, haioni anayepima, wala haioni anachokiogopa. Kama una mzazi anayefuatiliwa kwa simu, usitosheke kusoma namba. Msikilize anavyopumua. Muulize kwa nini hataki hospitali, na umwache amalize kujibu. Na akidanganya, usikimbilie kumgombeza, huenda anabeba viatu vya mtu kwenye mfuko.

La pili, samaki wa chumvi ni chumvi. Msijaribu kubishana na hili, mimi nimeshabishana kwa niaba yenu.

Sasa ninachoombea ushauri wenu. Habari zimefika Bungoma. Ami yangu amenipigia, anasema nimevunja mwiko, nimemshika mama mkwe miguu, kwa hiyo natakiwa nitoe mbuzi wa kusafisha jambo hilo. Nikamweleza habari ya daktari. Akasema hajawahi kusikia udaktari wa nusu saa.

Nikampelekea mama ujumbe huo kupitia pazia. Akafikiri kidogo, akaniambia nimwambie ami hivi: mbuzi aletwe Mbuya, apikwe bila chumvi, na yeye ami aje amle wote mbele yetu.

Ami hajajibu, ni wiki ya pili sasa. Wazee wa mila mlioko humu, nisaidieni: mbuzi nadaiwa, au sidaiwi? Na kama nadaiwa, ni mzima, au wa nusu saa?